Muscat hadi Makunduchi: hesabu ya safari ya kwenda kwa bibi

Kila Julai, Makunduchi huwa na kazi moja kubwa: kupokea wageni. Ni Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kina mama huimba. Wenyeji huamini kuwa kukosa mgeni siku hiyo ni mkosi. Ndiyo maana bibi huanza kuuliza mapema kwenye simu: "Mwaka huu mnakuja?"

Jibu hutegemea watoto wake wanaishi wapi. Aliyeko Muscat yuko kama kilomita 3,900 kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume. Ndege isiyotua njiani huchukua saa tano na nusu hivi. Zamani jahazi lilingoja upepo wa kaskazi, kisha likawa baharini kwa wiki kadhaa. Aliyeko London yuko kama kilomita 7,400, na kwa kawaida hubadilisha ndege njiani, Doha, Addis Ababa au kwingineko. Safari yake ya angani, pamoja na kusubiri, mara nyingi huanzia saa 13, na huweza kupita 18.

Lakini muda wa kwenye tiketi si muda wa safari. Ongeza saa tatu za kuwahi uwanjani, saa moja ya pasipoti na mizigo, kisha barabara. Kutoka uwanjani hadi Makunduchi ni kama kilomita 60, kupitia Tunguu, Jozani, Kitogani na Muyuni. Kwa gari ya kukodi weka saa moja na nusu. Daladala namba 310 kutoka mjini husimama sana, hivyo weka mbili au zaidi. Wa Muscat ahesabu saa 11 mlango kwa mlango. Wa London ajiandae kwa siku nzima, na watoto wabebewe chakula na nguo za kubadili.

Kuna siku hesabu hii huwa nzito. Simu ya msiba ikilia, maziko hayangoji. Wa Muscat akipata ndege siku hiyo hiyo, huenda akawahi kutia udongo. Wa London mara nyingi huikuta hitima.

Kwa hiyo mzazi asiweke safari zote kwa ajili ya msiba. Julai shule za Oman huwa zimefungwa. Za Uingereza hufungwa mwishoni mwa mwezi, na Mwaka Kogwa huenda ukawa umepita, lakini bibi hatajali. Kwake yeye mgeni ni mgeni, hata kama majivu ya kibanda yameshapoa. Muhimu ni wajukuu wamkute amesimama mlangoni, awaite kwa majina yao.