Tulipoanza Kusomeana Msimbo

Nilipojiunga na mradi wetu wa programu huria mwaka 2012, msimbo wake ulikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini aliyeusoma alikuwa mtu mmoja. Tulikuwa tukiandika moduli ya kukokotoa dozi za dawa, ya kuongezwa kwenye OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006, katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wanaoishi na VVU. Baadhi yetu tulikuwa Kenya, wengine Tanzania na Uganda. Mchana kila mtu alikuwa kwenye ajira yake. Usiku tulikutana kwenye mradi. Kila badiliko lilikwenda kwa mwanzilishi, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Alilisoma, akalijaribu, kisha akaliingiza au akalirudisha.

Mwalimu alikijua kila kipengele cha msimbo ule, na tulimwamini kwa haki. Hata hivyo, kazi ilipoongezeka, foleni ilirefuka. Kijana alileta badiliko lake la kwanza, akangoja wiki kadhaa, kisha hakuonekana tena. Nasi tuliobaki tulizoea kuandika tu. Kazi ya mwenzako haikukuhusu.

Aprili 2014 ikatangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya seva nyingi mno duniani, zikiwemo zile tulizozihudumia. Seva ilipoombwa kurudisha ujumbe, haikuhakiki kama urefu uliotajwa ulilingana na urefu halisi wa ujumbe wenyewe. Mdanganyifu angeweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja, pamoja na siri zilizokuwamo. Tulisasisha seva zetu usiku uleule. Lililotukosesha utulivu ni historia ya kasoro yenyewe: badiliko lile lilikuwa limekaguliwa na msimamizi mmoja, likapita, likatolewa kwa watumiaji mwaka 2012, na kwa takriban miaka miwili msimbo ukabaki wazi mbele ya kila mtu. Milango ilikuwa wazi, wasomaji hawakuingia.

Mwalimu ndiye aliyependekeza tufuate desturi ya mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL. Wale, tangu mwaka 2008, hutenga vipindi maalumu vya kushughulikia mabadiliko yaliyorundikana, na anayeleta badiliko lake hutarajiwa kukagua la mwenzake. Sharti hilo tulilipokea kwa kauli moja, kisha likakwama. Hakuna aliyethubutu kugusa kazi ya waliomtangulia. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi hadharani, na ukaguzi wetu ulikuwa wa hadharani.

Basi Mwalimu akaweka kazi yake mwenyewe mbele ya foleni, na akamwomba mwanafunzi wa Mwanza, mgeni kuliko wote, aikague. Binti yule alikaa nayo siku nzima. Kisha akaandika: “Shikamoo Mwalimu. Samahani, naomba kuuliza. Kwa nini umri unahesabiwa kwa miaka kamili? Mtoto wa wiki mbili na wa miezi kumi na moja wote watakuwa na sifuri.” Mwalimu akajibu hapohapo, sote tukisoma: “Marahaba, mwanangu. Umeona nisichokiona. Nitabadilisha, kisha naomba ukague tena.” Kuanzia jibu lile, woga ulianza kuisha.

Tuliyoyajenga baadaye yalifuata njia ileile. Tulikubaliana mabadiliko yawe madogo, yasomeke kwa kikao kimoja, na kila moja lieleze sababu yake. Nafasi na mabano tuliiachia mashine ihakiki, watu wabishane juu ya mantiki. Mkaguzi aliendesha msimbo kabla ya kutoa neno, akauliza kabla ya kuhukumu. Jina lake liliandikwa kando ya la mwandishi, kwa kuwa kupitisha kazi ni kuibeba dhamana yake. Majaribio ya dozi tuliyaandika kama majedwali ya uzito na vipimo, na wauguzi wasiojua kuandika programu wakayakagua vizuri kuliko sisi.

Katika chama, daftari la mweka hazina husomwa mbele ya wanachama wote, na hakuna anayedhani ameitwa mwizi. Msimbo wetu ulifikia hali hiyo. Kuulizwa swali kukawa dalili kwamba kazi yako imesomwa kwa makini.

Mwalimu alipostaafu usimamizi, mradi haukutikisika. Walioupokea walikuwa watu waliokwisha kuusoma msimbo wote, kipande kwa kipande, kwa kukagua kazi za wenzao. Binti wa Mwanza alikuwa miongoni mwao. Ndiyo maana leo mgeni akiniuliza aanzie wapi, simpi kazi ya kuandika. Nampa badiliko la mtu mwingine alisome na kuliuliza maswali, na namwambia mwandishi amjibu kila swali. Mradi unaomfanyia hivyo kila mgeni hautakosa wa kuulinda.