Hesabu ya Mlinzi

Msomaji wangu, hesabu ni somo ambalo wengi wetu hudhani tumelimaliza utotoni. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa mbegu za maharagwe nikiwa na umri wa miaka sita. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa jinsi ya kuwafundisha wengine kuhesabu. Hata hivyo ilitokea siku moja, nikiwa mtu mzima na mwalimu wa watu, nikashindwa kuwahesabu wanafunzi wangu mwenyewe. Habari hii hainipi sifa. Nakusimulia kwa sababu ilinifunza jambo ambalo sikulipata chuoni.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi. Shule yetu ilikuwa na chama cha wakimbiaji, nami nilikuwa mlezi wake. Wanafunzi walipenda mbio za uwanjani, lakini walipenda zaidi mbio ndefu za njia za msituni na milimani, ambako mtu hashindani na mwenzake tu, bali hushindana pia na mwinuko, na baridi, na pumzi yake mwenyewe. Tukaazimia kuupanda kwa mbio mlima mmoja ulio ndani ya hifadhi, na kushuka siku ile ile. Jina la mlima ule sitalitaja, maana kosa halikuwa lake.

Langoni palikuwa na ubao wa masharti. Kundi moja lisizidi watu 10. Kila kundi liandikwe katika kitabu. Na kati ya kundi na kundi ipite saa nzima. Sisi tulikuwa 21. Niliandika makundi mawili ya watu kumi kumi, moja kwa jina langu, la pili kwa jina la kapteni wa wakimbiaji. Mtu wa 21 sikumwandika popote. Alikuwa mvulana wa Kidato cha Kwanza, mdogo kuliko wote, na nilijisemea moyoni kwamba mtoto mmoja hazidishi uzito wa mlima. Nikaahidi kwamba makundi yataachana. Tulipopinda kona ya kwanza tuliungana, tukacheka, tukakimbia.

Siwezi kukuficha kwamba siku ile ilikuwa njema. Vijana walipanda kama paa. Tulipofika juu tuliimba, tukatoka njiani na kusimama juu ya kuvu na majani laini ili sote tuenee katika picha moja. Tulipokuwa tunashuka tulimkuta mlinzi wa hifadhi, mzee mwenye kofia iliyochujuka rangi, ameketi juu ya jiwe. Hakupiga kelele. Alituangalia tukipita mmoja mmoja, na midomo yake ikicheza. Kisha akaniita kando, chini ya mti, mahali ambapo wanafunzi wangu hawakuweza kusikia.

"Mwalimu," alisema, "kitabu kina watu 20, na macho yangu yana watu 21. Kama mmoja wenu angepotea jioni hii, mimi ningemtafuta nani?"

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia kwamba tumepita mara moja tu, na kwamba wakimbiaji si wakataji miti. Mzee akanijibu, "Ni kweli, nyinyi mmepita mara moja. Lakini wewe unawahesabu watu wako. Mimi ninawahesabu na watakaokuja baada yenu kwa kuwa walisikia kwamba nyinyi mlipita." Nililipa faini langoni, nikapewa stakabadhi, nikaondoka.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Nilimwona mzee yule kuwa mtu mgumu asiyejua thamani ya jasho. Nikaanza kutafuta katika magazeti na vitabu habari za wanariadha wengine waliogongana na sheria za hifadhi, nikitaka mtu mkubwa wa kusimama upande wangu. Mtu huyo nilimpata. Lakini badala ya kuwa mtetezi alikuwa somo.

Yeye ni Scott Jurek, Mmarekani. Katika mbio ndefu za njia za milimani jina lake ni kubwa. Mashindano ya maili 100 yaitwayo Western States aliyashinda mara 7 mfululizo, tangu 1999 hadi 2005. Mwaka 2015 aliazimia kuvunja rekodi ya Njia ya Appalachia. Njia hiyo ya miguu huanzia Springer Mountain katika jimbo la Georgia, hupita katika majimbo 14, na kuishia juu ya kilele cha mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Urefu wake ni karibu maili 2,190, yaani kilomita 3,500 na zaidi. Rekodi ilikuwa mkononi mwa mwanamke, Jennifer Pharr Davis, ambaye mwaka 2011 aliimaliza kwa siku 46, saa 11 na dakika 20.

Jurek aliumia miguu mapema katika safari, lakini hakurudi nyuma. Alikwenda maili 47 hivi kila siku, juu ya mawe na mizizi, katika matope na mvua, akilala kidogo. Tarehe 12 Julai 2015 aligusa kibao kilicho juu ya Katahdin. Alikuwa ametumia siku 46, saa 8 na dakika 7. Katika safari ya wiki sita na nusu alimpita mwenzake kwa saa 3 na dakika 13. Nani asingeshangilia? Rafiki zake na waandishi wa habari walikuwapo kumlaki. Chupa ya shampeni ilifunguliwa, povu likaruka hewani, likadondoka juu ya mawe.

Mlinzi wa hifadhi alikuwapo pia. Jurek aliandikiwa makosa matatu: kunywa kileo mahali pa umma, kuchafua mahali kwa kinywaji kilichomwagika, na kuwa na kundi lililozidi watu 12, ambao ndio mwisho wa hesabu katika hifadhi ile. Niliposoma hayo nilipiga meza kwa furaha. Nilisema, "Tazama! Hata bingwa wa dunia huonewa kwa sababu ya hesabu ya vichwa!"

Lakini mtu akitafuta ukweli kwa nia ya kujitetea, pengine huukuta ukweli wenyewe umemngojea. Niliendelea kusoma, nikakutana na habari za Percival Baxter, mtu ambaye hifadhi ile huitwa kwa jina lake. Alikuwa gavana wa Maine tangu 1921 hadi 1925. Aliwaomba watunga sheria wa jimbo lake wainunue Katahdin iwe mali ya umma, nao hawakukubali. Alipotoka katika cheo akaanza kuinunua kwa fedha zake mwenyewe. Kipande cha kwanza, karibu ekari 6,000, alikinunua mwaka 1930, na mwaka uliofuata akakitoa kwa watu wa jimbo. Hakukoma hapo. Kwa miaka zaidi ya 30, hata 1962, alinunua na kutoa, kununua na kutoa, mpaka ekari zikazidi 200,000. Tena aliacha fedha za amana kwa ajili ya utunzaji. Sharti lake lilikuwa moja kuu: nchi ile ibaki mwitu daima, iwe makao ya wanyama na ndege, na binadamu apite kama mgeni.

Juu ya mlima ule, mahali ambapo miti haioti tena, pana mimea mifupi ya nchi za baridi kali, inayokua polepole mno na kufa upesi chini ya kiatu. Pana kipepeo wa aina ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Kipepeo huyo hajui rekodi ya mtu. Kwake yeye, mguu wa bingwa na mguu wa mzembe ni mguu.

Nikafahamu pia kwamba shampeni haikuwa mwanzo wa ugomvi. Mwezi Novemba 2014, miezi minane kabla ya Jurek kufika, mkuu wa hifadhi alikwisha kuiandikia jumuiya inayosimamia Njia ya Appalachia. Alilalamika juu ya wasafiri wa masafa marefu waliokuwa wakiongezeka, na juu ya makundi makubwa na ulevi kileleni, akaonya kwamba mwisho wa njia huenda ukahamishwa mahali pengine. Kwa hiyo siku ile mlinzi hakumwona mtu mmoja na chupa moja. Aliona miaka mingi nyuma yake na miaka mingi mbele yake. Tumezoea kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukiwaza akiba. Lakini methali hiyo huhesabu hasara vile vile: unyayo na unyayo hufanya jangwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa kofia iliyochujuka. Mkimbiaji hujihesabu yeye mmoja, maana maumivu ni yake na pumzi ni yake. Mlinzi huhesabu wote, maana mlima ni wa wote. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ugomvi huzuka pale mmoja anapodhani kwamba hesabu yake ndiyo peke yake iliyopo duniani.

Sisemi kwamba mlinzi hakosei. Sheria bila insafu ni rungu. Hifadhi ile ilimlaumu Jurek hadharani mbele ya dunia nzima, na watetezi wake waliuliza kwa nini yeye afanywe mfano, hali wengi kabla yake walisherehekea kileleni bila kuandikwa. Swali lao halikuwa la kipumbavu. Mwezi Septemba mwaka ule ule shauri lilimalizika kwa mapatano: Jurek alilipa faini ya dola 500 kwa kosa la kileo, na makosa mengine mawili yakafutwa. Halafu, tangu 2016, hifadhi ikawataka wasafiri wote wa masafa marefu wachukue kibali, bingwa na asiye bingwa. Naona hiyo ndiyo njia bora, kwa kuwa sheria iliyotangazwa mapema kwa watu wote haimfedhehi mtu yeyote. Nami nilikumbuka kwamba mzee wangu aliniita kando. Aliilinda hifadhi yake, akailinda na heshima yangu.

Na ile rekodi iliyoleta zogo lote? Haikudumu. Mwaka 2016 Karl Meltzer aliivunja. Mwaka 2018 ikachukuliwa na Karel Sabbe wa Ubelgiji. Mwaka 2024 mwanamke, Tara Dower, akaimaliza njia kwa siku 40, saa 18 na dakika 6. Rekodi ni kiti cha wageni: huyu huinuka, yule huketi. Mlima ndio mwenye nyumba, na wote hao waliweza kuketi kwa kuwa nyumba ilikuwa bado imesimama.

Nilidhani kwamba kwa kufahamu hayo nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Wiki tatu baada ya safari yetu, yule mvulana wa Kidato cha Kwanza alinifuata baada ya kipindi, akasimama mbele ya meza yangu. Wenzake walikuwa wamekiona kitabu cha langoni, na kapteni alikuwa amemtania kwamba yeye hakuupanda mlima.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "mimi niliandikwa katika kundi lipi?"

Msomaji wangu, nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa shule, lakini hakuna lililonipata kama hilo. Ningeweza kumdanganya, naye angeamini, maana mtoto humwamini mwalimu wake. Nilinyamaza kitambo. Kisha nikamwambia, "Sikukuandika. Nilidanganya langoni, na kama ungepotea, hakuna ambaye angejua kwamba ulikuwako."

Alinitazama, asiseme neno. Nami niliona heri anione mdogo kwa kweli kuliko mkubwa kwa uongo. Siku iliyofuata niliyasema hayo mbele ya chama kizima, na ile stakabadhi ya faini nikawaonyesha. Wengine walicheka; wengine waliinama. Muhula uliofuata tuliurudia mlima ule katika makundi matatu, kwa siku tatu mbalimbali, na kila kundi likafuata njia. Picha yetu haikuwa na watu wengi, lakini kitabu cha langoni kilikuwa na watu wote.

Kwa hiyo nakuasa wewe uliye kijana, mwenye miguu myepesi na moyo wa kushinda. Kimbia. Vunja rekodi ukiweza. Nchi yetu hupenda wakimbiaji, nami nitakushangilia. Lakini utakapofika langoni na kuona ubao wa masharti, usiulize tu, "Mimi mmoja nitadhuru nini?" Uliza, "Wakija elfu kama mimi, patabaki nini?" Ukiona kwamba sharti lina kasoro, lilalamikie kwa kalamu kabla ya safari, wala usilivunje kwa mguu katikati ya safari. Na ukiwa kiongozi wa wengine, anza hesabu yako kwa aliye mdogo kuliko wote. Mimi hufanya hivyo hata leo: jina la kwanza ninaloliandika langoni ni la yule ambaye ningeweza kumsahau.