Mizani ya Hadhari

Wahenga walisema kwamba tahadhari huja kabla ya hatari. Neno hili ni la kweli, na alishikaye aghalabu huokoka. Walakini, halielezi mtu afanye nini hatari zinapokuwa mbili, moja mbele yake na nyingine nyuma yake, na kila hatua ya kuikimbia ya kwanza ni hatua ya kuikaribia ya pili. Hali hiyo iliwafika mwaka 2020 wagonjwa wa saratani waliokuwa na meno mabovu, pamoja na madaktari waliopasa kuwatibu.

Hatari ya kwanza ilijulikana kwa wote. Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ulikuwa janga la dunia. Ugonjwa huo husafiri kwa pumzi na mate, na ni kazi chache za uganga zilizo karibu na pumzi na mate kuliko kazi ya meno. Mashine ya kuchonga jino huzunguka kwa kasi huku ikimwaga maji, na maji hayo hutoka kinywani kama ukungu ukaelea hewani. Kwa hiyo nchi nyingi zilisimamisha matibabu ya kawaida ya meno. Huko Uingereza yalisimamishwa tarehe 25 Machi, yakaanza kurudi tarehe 8 Juni. Katika muda huo mwenye maumivu alipiga simu akapewa shauri, dawa ya kutuliza na, pengine, dawa ya kuua bakteria. Aliyezidiwa alipelekwa katika kituo cha dharura. Dawa za bakteria ziliandikwa kwa wingi kuliko mwaka uliotangulia, ingawa hapana kidonge kiwezacho kuziba tundu la jino.

Hatari ya pili haikutangazwa. Mionzi inayoua saratani ya kichwa na shingo huzidhuru pia tezi za mate, na kinywa kikikauka meno hupoteza mlinzi wao. Huidhuru vilevile mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya taya. Jino likija kung'olewa baadaye, jeraha laweza kukataa kupona, na mfupa ukafa kidogo kidogo. Ndiyo sababu ya kanuni kwamba jino lisilo na tumaini ling'olewe kabla ya mionzi, na ufizi upewe yapata wiki mbili au zaidi za kupona. Kwa mtu mzima wa afya, kuahirisha jino ni kuvumilia maumivu. Kwa mgonjwa huyu, kuahirisha jino kwaweza kuwa kupoteza taya. Wala mionzi yenyewe haiwezi kungoja, maana saratani haisubiri janga lipite.

Mwenye kutibiwa kwa dawa za kemikali ana hesabu yake. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Katika siku hizo usaha mdogo kwenye mzizi wa jino waweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha. Mtu huyo ndiye pia ambaye UVIKO-19 ulimtisha kuliko wengine. Kumwita hospitali kulikuwa na hatari, na kumwacha nyumbani kulikuwa na hatari.

Tena kinywa hutoa habari za mwili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa saratani unaoshika mataya ya watoto wa Afrika. Meno yanayolegea kabla ya wakati wake yaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa huo. Mlango wa daktari wa meno ukifungwa, habari kama hiyo huchelewa kufika.

Waliotenda kwa busara hawakufungua mlango kwa wote, wala hawakuufunga kwa wote. Waliuliza kwanza kwa simu. Walisoma hesabu ya damu, wakachagua siku ambayo chembe zimerudi na dozi nyingine haijaingia. Mgonjwa aliitwa wa kwanza asubuhi, kabla chumba hakijajaa pumzi za wengine. Madirisha yalikuwa wazi, na daktari alivaa barakoa madhubuti. Jino la kung'olewa liling'olewa kwa koleo, pasipo mashine.

Tundu la kuzibwa nalo lilikuwa na njia yake, na njia hiyo ina asili ya Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianzishwa namna ya kuondoa uozo wa jino kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuliziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wasiokuwa na umeme wala mashine. Chombo cha mkono hakirushi ukungu. Basi, Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani liliposhauri tiba za meno zisizorusha ukungu, njia iliyozaliwa na uhaba ilikuwa tayari imekwisha kujaribiwa kwa miaka mingi.

Hali ya dharura ya UVIKO-19 ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei, 2023, lakini hapana ajuaye siku ya janga jingine. Aambukizwaye katika chumba cha daktari huhesabiwa, na daktari huulizwa. Apotezaye taya kwa kungoja nyumbani hahesabiwi na janga, wala hapana aulizwaye. Kwa hiyo mizani ya hadhari huelemea upande unaoonekana. Hadhari ya haki ni ile imwekayo na huyu wa pili katika hesabu, kabla mlango haujafungwa.