Muvi ya Bomu, Kibanda Umiza cha Holili na Swali la Dereva Mkongo

Holili usiku hakulali. Malori yamepanga foleni kusubiri karatasi za forodha, bodaboda wanavizia abiria wa mwisho wa Himo, na kwenye kibanda umiza kimoja hatua chache kutoka barabarani, kijana mmoja anakusanya jero jero mlangoni. Siku hiyo ubaoni kaandika kwa chaki: OPPENHEIMER, MUVI YA BOMU LA ATOMIKI, OSCAR 7!

Dogo alijua anauza nini. Hiyo muvi ya Christopher Nolan ilitoka Julai 2023, na Machi 2024 ikabeba Oscar 7, ikiwemo ya muvi bora. Ambacho hakuwaambia wateja ni kwamba ina masaa matatu, na muda mwingi ni wazungu wenye suti wanabishana. Nusu saa tu kelele zikaanza. "Oya, bomu liko wapi?" "Rudisha jero zetu!" Dogo akaona isiwe tabu, akasogeza mbele mpaka kwenye lile jaribio la New Mexico, 16 Julai 1945. Mwanga ukajaa kioo kizima. Kimya. Halafu mlio.

Kibanda chote makofi na miluzi. Dogo mwenyewe alipiga kuliko wote.

Alikuwa na sababu yake. Sebuleni kwa bibi yake, huko juu Rombo, kuna picha ya babu kavaa kofia ya KAR, lile jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Waingereza walimpeleka mpaka Burma kupigana na Wajapani kwenye matope na malaria. Akarudi mzima. Nyumbani hadithi ilikuwa fupi: bomu lilimaliza vita Agosti 1945, ndiyo maana babu alirudi. Bila bomu hakuna baba, bila baba hakuna yeye. Kwa hiyo kwake Oppenheimer alikuwa staringi kabla hata hajaiona muvi.

Watu walipotoka, mmoja alibaki benchi la nyuma. Dereva wa lori, mtu mzima, ana mzigo wa Mombasa anaupeleka Lubumbashi.

"Kaka, Kongo wameionyesha wapi? Labda pale uliporusha?"

Dogo akacheka. "Mzee, hii ni Marekani na Japani. Kongo inaingiaje?"

"Ile majibwe ilitokaka kwetu."

Mawe yalitoka kwao. Dereva ni mtu wa Likasi, na babu yake alichimba Shinkolobwe. Alisema hivyo tu, akaaga, akarudi kulala kwenye lori.

Dogo alihisi anapigwa kamba. Usiku huo bando lilikuwa linaishia, lakini akaingia mtandaoni. Akakuta ni kweli kabisa. Shinkolobwe ni mgodi wa Katanga, enzi hizo Kongo ikiwa chini ya Wabelgiji. Migodi mingine duniani ilikuwa inahangaika na mawe yenye urani isiyofika hata asilimia 1, wakati mawe ya kule yaliweza kufika asilimia 65. Mwaka 1940 bosi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 mpaka New York, na 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima, 6 Agosti 1945, ilitoka huko. Mpaka mwaka ule unaisha, watu waliokufa Hiroshima wanakadiriwa kufika 140,000.

Mwaka 1946 Marekani ikampa Sengier nishani. Waliochimba na kuchambua yale mawe kwa mikono hawakupewa kitu.

Hapo dogo akakumbuka gololi. Kwenye muvi kuna chombo cha kioo, na kila urani inapoongezeka, Oppenheimer anadondosha gololi. Tik. Tik. Lakini zinatoka wapi? Zinatoka mfukoni tu. Hakuna mgodi, hakuna jasho, hakuna mtu mweusi na beleshi. Hata Hiroshima yenyewe haionyeshwi. Oppenheimer anaisikia redioni, na picha zikiletwa anageuza uso. Wanaoitetea muvi wanasema tunaangalia kwa macho yake. Sawa, ni haki ya muongozaji. Ila ukikopa macho ya mtu, unakopa na upofu wake.

Wajapani walikuwa na macho yao. Mwaka 1954 walimtoa Godzilla, na lile dude lilitokana na hofu ya mabomu ya nyuklia. Dogo kamuonyesha Godzilla mara ngapi pale kibandani, akijua ni mjusi anabomoa maghorofa.

Kesho yake foleni ilikuwa haijasogea. Dogo akalifuata lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Jana yake hakumsalimia. Akamwomba aje tena, bure. Usiku, sekunde chache kabla ya mlipuko, akaisimamisha muvi, akasimama mbele ya kioo na kuwaambia watu mawe yalitoka wapi na nani aliyachimba. Dakika mbili tu. Wanne wakadai jero zao, akawarudishia. Mmoja akamwambia aende akafundishe shule. Akabonyeza, mwanga ukajaa, na wengi walipiga makofi kama jana. Yeye mikono ilikuwa mfukoni. Dereva benchi la nyuma alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeitikia salamu.

Picha ya babu bado ipo sebuleni, na dogo bado anashukuru alirudi. Ila siku hizi akiisimulia hadithi ile hawezi kuikata pale pale. Kuna babu mwingine ndani yake, wa Likasi, ambaye hana picha ukutani.

Na wewe, siku ulipoiona ile muvi, ulipiga makofi?