Mawingu ya Boudin

Eugène Boudin alizaliwa Honfleur, Ufaransa, mwaka 1824. Baba yake alikuwa baharia, naye utotoni alitumwatumwa katika chombo kilichovusha watu kwenda Le Havre, pale mto Seine unapoingia baharini. Kuvuka maji alikujua kabla ya kujua rangi.

Nami ni mtoto wa baharia. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, akachukuliwa na mkondo wa Nungwi. Tangu hapo, kila nilipovuka kwenda Pemba nilikaa chini kabisa melini, macho nimeyafumba, tasbihi mkononi, mpaka tufunge gati.

Masomo yalinipeleka Le Havre. Makumbusho ya sanaa yako ukingoni mwa bandari, na humo mna kazi nyingi za Boudin. Mwaka 1900, miaka miwili baada ya kifo chake, nduguye Louis aliupa mji ule rasimu zaidi ya 200. Nyingi ni vibao vidogo. Bahari ni ukanda mwembamba chini, tanga ni mguso mmoja wa brashi, kwingine kote ni mbingu. Niliyatazama mawimbi yake, nikayatazama tena. Macho hayakufumba.

Michoro yake ya chaki za rangi aliiandikia tarehe, saa na upepo. Mshairi Baudelaire aliiona mwaka 1859, akasema hata ukiyafunika maandishi kwa mkono utakisia majira, saa na upepo wenyewe. Niliposoma hayo nililia, maana baba alikuwa hivyo hivyo: akitoka nje alfajiri hutazama juu kwanza, akautaja upepo, ndipo atuamkie. Watu humsifu zaidi Monet, aliyefundishwa na Boudin kuchora nje, penye upepo. Mimi moyo wangu uko kwa mwalimu.

Niliporudi nyumbani nilipanda sitahani. Hofu ilikuwapo, na hadi leo ipo. Lakini nilichora mawingu njia nzima, na chini ya kila ukurasa nikaandika: tarehe, saa, kaskazi.

Mama alilikuta daftari mezani. Habari za kifo cha baba hazikuwa zikizungumzwa kwetu. Alifunua kurasa polepole, kisha akauliza, "Mbona hukuandika kama maji yalikuwa yakijaa au yakitoka?"

Nikamwambia sikujua kama inahitajika.

"Inahitajika, mwanangu. Siku ya baba yako ilivuma kusi, na maji yalikuwa yakitoka."

Akaendelea kunisimulia mpaka ikaadhiniwa Isha.