Safari ya Anga Kutoka Tromsø Hata Longyearbyen

Twaeni ramani ya dunia, mpandishe kidole kutoka nchi ya Norway kuelekea ncha ya kaskazini. Mtavuka bahari pana, kisha mtafika kwenye visiwa viitwavyo Svalbard. Humo mna mji mdogo, Longyearbyen, ulioanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya kuchimba makaa ya mawe. Kiwanja chake cha ndege ndicho kilicho kaskazini kuliko vyote duniani vinavyofikiwa na ndege za abiria kwa ratiba.

Na tuupime mwendo wake. Mji wa Tromsø, ulioko Norway bara, upo karibu digrii 69 na dakika 41 kaskazini ya ikweta; Longyearbyen upo digrii 78 na dakika 15. Tofauti yake ni digrii 8 na nusu na kidogo. Kila digrii ni yapata kilometa 111, na miji hii miwili yakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Basi zidisheni, nanyi mtapata kilometa 950 na zaidi kidogo.

Ndege iendayo kilometa 800 kwa saa ingezimaliza kwa saa moja na dakika 11 hivi. Lakini safari yenyewe huchukua saa moja na nusu, na pengine zaidi. Sababu ni hii: ndege haianzi kwa mbio zake zote. Hupanda polepole, hupunguza mwendo ikaribiapo kutua, na upepo wa mbele huichelewesha.

Zamani njia hii haikuwa fupi hivyo. Wakati wa baridi bahari iliganda, meli zisipite kwa miezi mingi. Tena tangu mwisho wa Oktoba hata katikati ya Februari jua halichomozi kabisa huko. Mtu akiugua sana, aliungoja msaada gizani. Mwaka 1959 ndege ya jeshi la Norway ilitua katika bonde la Adventdalen, juu ya ardhi iliyoganda, ili kumchukua mgonjwa. Hata hivyo kiwanja cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 tu.

Kukijenga kulikuwa kazi ngumu, maana udongo wa huko umeganda chini daima. Sehemu ya juu ikiyeyuka, njia ya ndege hutitia na kufanya mawimbi, nayo hutakiwa kutengenezwa tena. Nchi hizo zinapozidi kupata joto, kazi hiyo nayo yazidi.

Hata leo hospitali ya Longyearbyen ni ndogo. Mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege, na mwanamke mwenye mimba huenda bara majuma kadhaa kabla ya kujifungua. Dhoruba ikifunga anga, zile kilometa 950 hurudi kuwa mbali kama zamani.

Basi, waalimu, mnapowafundisha watoto kupima ramani kwa rula, msiishie kwenye hesabu. Waulizeni pia: Je, njia ikiwa imefungwa, mgonjwa atapitia wapi? Na sisi tukaao vijijini, mbali na hospitali, swali hilo twalijua vema.