Kwa nini mtoto wa bwaki anapewa maziwa kidogo

Wasikilizaji wengi mnanijua kwa sauti tu. Leo ninaandika, kwa sababu jambo hili lilinikuta katika familia yangu, na mimi mwenyewe niliwahi kulisema vibaya kwenye redio.

Ilikuwa mwaka 2023. Dada yangu alikimbia vita Masisi na watoto watatu, akafikia kambi ya Bulengo, kando ya Goma. Mtoto wa mwisho, wa miaka miwili, akaanza kuvimba miguu yote miwili. Jirani alisema amenenepa. Mama yetu alibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akasema neno moja: bwaki.

Hospitalini walimlaza siku ile ile. Hakuwa analia tena, na ukimya ule ndio ulionitisha. Muuguzi akaleta maziwa yanayoitwa F-75, kidogo tu chini ya kikombe. Baada ya saa tatu mengine, kidogo vile vile, mchana na usiku. Siku ya pili mama alikuja na fufu na sambaza ndani ya kitenge.

"Mtoto anakufa njaa, nao wanampimia chakula kama dawa!"

Alitaka tumtoe. Nami nilikuwa upande wake, maana majuma machache nyuma nilikuwa nimetangaza kwamba bwaki inaponywa kwa kumshibisha mtoto haraka.

Muuguzi hakukasirika. Alituketisha akasema: mwili uliokaa na njaa muda mrefu umepunguza kazi zake zote, moyo, ini na figo. Ukiujaza ghafla, madini ya damu yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana maziwa hayo yana kalori 75 tu kwa mililita 100. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo mtoto anapewa F-100 au ile siagi ya karanga ya pakiti.

Na amoksisilini ni ya nini, wakati hana homa? Akasema tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wengi, wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya. Kwa mtoto wa bwaki jeshi hilo halijakomaa kufuatana na umri wake, ukuta wa utumbo umedhoofika, na vijidudu vinaweza kupenya mpaka kwenye damu. Mwili wenyewe hauna hata nguvu ya kuleta homa.

Baadaye nilisoma kuhusu watafiti waliofuata mapacha huko Malawi, wakachapisha kazi yao mwaka 2013. Pacha mmoja anavimba, mwenzake hapana, na wanakula chakula kimoja. Walipowapandikizia panya bakteria wa mtoto aliyevimba na kuwalisha chakula cha kule, panya wakakonda sana. Basi njaa haiko peke yake katika ugonjwa huu. Nilifikiria akina mama wangapi tumewalaumu bure kwamba wanabagua watoto.

Siku ya tano mtoto alikivuta kikombe kwa mikono yake mwenyewe. Mama akacheka, kisha akalia.

Juma lililofuata nilirudi hewani na kusahihisha maneno yangu. Simu ya kwanza ilitoka kwa baba mmoja wa kambini: mtoto wake alikuwa na miguu iliyovimba, na tayari walikuwa wamepika uji mzito. Nilimwambia auache, ambebe mtoto kwenda kituo cha afya usiku ule ule.